Kisu cha Kiajemi Nyumbani kwa Machuki

Machuki alichuna ng'ombe kwa miaka thelathini na mmoja katika machinjio ya mji wa Migori. Mwaka 1995 alipoiacha kazi hiyo, haukuwa uzee uliomwondoa. Mkewe, Nyasuguta, alipigwa na kiharusi akiwa anapalilia mihogo, na upande wake wote wa kushoto ukafa ganzi. Baada ya miezi kadhaa mguu ulirudi kidogo, akaweza kutembea kwa kuuburuta. Mkono haukurudi. Ulilala tu mapajani mwake kama kitu alichowekewa amshikie mtu mwingine.

Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara ya kwenda Masara. Mtoto wao Mirumbe alishinda huko Masara akichimba dhahabu, na Benta, mke wa Mirumbe, aliuza nyanya sokoni mjini tangu asubuhi hadi jioni. Mchana walibaki wazee wawili. Machuki akajifunza kazi ambazo hakuwahi kuzifikiria: kumenya viazi vitamu, kukatakata sukuma wiki, kumpasulia mkewe papai na kumpangia vipande kwenye sahani.

Kisu cha nyumbani kilikuwa kimoja. Alitembea nacho mfukoni, kimefungwa kwa kitambaa, kwa sababu kazi haikuwa jikoni tu. Kulikuwa na kamba ya mbuzi ya kukata, magunia ya kufungua, majani ya migomba ya kupunguza. Siku moja akiwa juu ya baiskeli, ncha ilitoboa kitambaa, ikatoboa suruali, ikamchoma paja. Aliingia nyumbani anachechemea. Nyasuguta alipoiona damu alicheka, na ilikuwa muda mrefu tangu acheke.

"Umechuna ng'ombe miaka yote hiyo," alisema, "leo umeamua kuanza na wewe mwenyewe?"

Kesho yake Machuki alikwenda kwa Hamud kutafuta kisu cha kukunja. Hamud alikuwa mtu wa Mombasa aliyefungua duka la vyuma mjini Migori miaka mingi nyuma. Aliuza makufuli, bawaba, misumari, na ndani ya kabati la kioo, visu. Aliweka viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa kifupi, kimenyooka, kina mpini wa mti. Cha pili kilikuwa na tumbo. Makali yake yalitoka mpinini yakavimba mbele, kisha yakapanda taratibu hadi kwenye ncha iliyotazama juu.

"Hii imepindwa hivi kwa nini?" Machuki aliuliza.

"Umbo la Kiajemi hilo, mzee wangu. Visu vyao ndivyo vilivyo."

Machuki alikisogeza karibu na macho. "Lakini hapa imeandikwa Pakistan."

"Umbo la Uajemi, kazi ya Pakistan, na mnunuzi wa Migori," Hamud alisema akitabasamu. "Sasa kuna ubaya gani?"

Machuki alikigeuza mkononi. Kisu kilikuwa kimekwisha kukaa kiganjani mwake, na mkono ulikuwa umekielewa kabla ya kichwa. Kisu cha mchunaji huwa na tumbo hivyo, ili makali yatembee kati ya ngozi na nyama bila ncha kutoboa ngozi. Aliona tena ngozi pana zikitandazwa kwenye sakafu ya machinjio bila tundu hata moja, na wanunuzi wakiuliza ni nani aliyeichuna hii. Akajishtukia. Siku hizi alikuwa anachuna nini? Viazi.

"Nipatie hii iliyonyooka," alisema, lakini hakukiweka chini kile kingine.

Hamud aliliona hilo. "Nenda navyo vyote viwili. Kaa navyo hadi Ijumaa, vitumie, kisha uniletee kimoja. Sisi tunajuana."

Siku mbili Machuki alivijaribu kwa haki. Kisu kilichonyooka kilimenya kiazi vizuri, kilikata kamba, kilichonga hata kigingi cha mbuzi. Kile cha Kiajemi kiliteleza kwenye ganda la kiazi, na ncha yake iliyopanda ilimpotea kila alipotaka kutoboa kitu. Jioni ya Alhamisi alikubali ukweli. Kisu kile alikipenda kwa ajili ya mtu aliyekuwa zamani, na kisu cha kubeba kila siku hununuliwa kwa ajili ya siku zilizopo. Alivikunja vyote viwili, akaviacha kwenye meza ya jikoni, akatoka kumfuata mbuzi aliyekuwa ameingia kwenye mahindi ya jirani.

Aliporudi alisikia mgongano mdogo jikoni. Ko, ko, ko. Alisimama mlangoni.

Nyasuguta alikuwa ameketi mbele ya kigoda, na juu ya kigoda kulikuwa na ubao wa kukatia. Mashina ya sukuma wiki yalikuwa yamebanwa kwa jiwe lililooshwa. Kisu cha Kiajemi kilikuwa katika mkono wake wa kulia. Hakukivuta kama watu wanavyovuta kisu. Aliliegemeza tumbo la makali kwenye ubao akalibembeza mbele na nyuma, na majani yakakatika membamba, membamba kuliko alivyowahi kuyakata Machuki.

"Nani amekufungulia hicho?"

"Nimekifungua mwenyewe. Hiki kichuma cha ubavuni ulidhani ni pambo?" Alikibonyeza kifungio cha mgongoni mwa mpini, akausukuma mgongo wa kisu kwenye paja, kikajikunja. Kisha akakisukuma kichuma kwa dole gumba, na makali yakatoka hadi yakalia. Mkono mmoja tu. Siku mbili nzima Machuki alikuwa amekifungua kwa mikono miwili, kwa kuwa alikuwa nayo miwili.

"Kile kingine nimekijaribu," Nyasuguta aliendelea. "Kinataka mkono mmoja ushike na mwingine uvute kwa ukucha. Nilijaribu hata kwa meno."

"Utajikata, Mama Mirumbe. Huo mkono mwingine hauna habari. Utaukata na hutajua."

"Ndiyo maana nimeufunga ndani ya leso. Angalia." Kweli, mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa vizuri tumboni, mbali na ubao. "Baba Mirumbe, mwaka mzima umenikatia papai. Sikukuambia kitu, maana ulikuwa unalikata kwa moyo mzuri. Lakini kila sahani ikija, naona kwamba mimi ni mgeni kwenye jiko langu. Ulienda kuchagua kisu cha nyumba hii. Mbona hukuniuliza?"

Machuki aliliangalia jiwe juu ya ubao. Akakaa kizingitini. Alijua kumjibu mtu aliyemlaumu kwa uvivu au ukali. Lawama ya kutouliza hakuwa amewahi kupewa. Alimtazama akimaliza fungu lote, polepole, akipumzika, akisogeza jiwe, akianza tena. Mara mbili aliinuka kumsaidia na mara mbili akaketi.

Benta aliporudi kutoka sokoni, alionja mboga moja kwa moja kutoka sufuriani.

"Baba, leo umekata vizuri. Kama ya hoteli."

"Mwulize mama yako," Machuki alisema.

Benta alimgeukia Nyasuguta, akautazama ubao, akalitazama jiwe. Akaweka kijiko chini, akaenda akaketi karibu naye.

Ijumaa Machuki alirudisha kisu kilichonyooka.

"Nilijua utachukua kile cha Kiajemi," Hamud alisema.

"Si mimi niliyechagua," Machuki alimjibu, akalipa.

Hakuwa na uwezo wa kununua viwili, kwa hiyo yeye aliendelea na kile cha zamani cha nyumbani. Alipata kipande cha ngozi machinjioni akakishonea ala, na paja lake likapona. Nyasuguta alikibeba kisu cha Kiajemi mfukoni mwa gauni kila alikokwenda, shambani, kwa majirani, hata kanisani, na wanawake wakazoea kukiazima kwake baada ya ibada wakati wa kugawa miwa. Machuki naye alipokihitaji, aliomba. Wakati mwingine alinyimwa.