Muhogo Uliokuwa Bado Mchungu

Harufu ya muhogo uliolowekwa, ule ukali wa kuchacha unaong'ang'ania vidoleni, ndiyo Kindu ya utoto wangu. Ndui ilipowachukua baba na mama, niliacha chuo cha Kurani nikiwa bado kwenye herufi, nikawa mama wa wadogo zangu wawili. Muhogo wetu ulikuwa mchungu. Usipokaa majini siku kadhaa, unaua. Mtaa mzima tulizamisha vikapu vyetu kwenye matete ya kijito kinachoingia Lualaba, mahali ambapo hapakutajwa mbele ya askari. Hao waliletwa na kituo kipya cha serikali baada ya vita, tukaambiwa watatulinda na wezi. Walichokiona nyumbani mwa mtu walikibeba. Basi tukajifunza kusema, juu ya kila chakula, kwamba bado ni kichungu.

Asubuhi moja askari mwenye kovu shavuni aliingia bila hodi, akakuta muhogo niliouchimba jana yake. Akamtwika mdogo wangu Musafiri kapu zima, ampelekee kituoni.

"Bwana askari, iko bado muchungu. Itakuua."

Akacheka. "Kindu yote iko muchungu, nikiondoka njo inakuwa tamu! Haya, kula wewe."

Nilisimama na kipande mkononi. Nikikila, ataona ni kizuri, na mimi nitaanguka. Nisipokila, ataniona mwongo kama wenzangu. Naye akienda kuula akafa, Musafiri aliyeubeba ndiye atakayefungwa mnyororo kwa kumtilia sumu. Ukweli wangu ulifanana mno na uongo wetu wa kila siku.

"Yaya," Musafiri alininong'oneza, kama tunavyowaita dada na kaka zetu wakubwa, "usikule."

Nikaomba nikalete uliolowekwa, aone tofauti. Akamshika Musafiri shingo. "Chelewa, utaona." Hata hivyo nilizunguka kwa njia ndefu ya migombani, nisije nikafuatwa, nikatoa majini kapu letu peke yake. Askari aliuminya muhogo wetu laini, akaunusa, kisha akauma ule mbichi na kuutema.

"Kumbe unasemaka kweli. Ingine iko wapi?"

"Njo hii tu, bwana. Hakuna ingine."

Mkono wake ulikuwa bado shingoni mwa mtoto. Mwishowe akamsukuma kwangu, akaondoka na chakula chetu. Jioni majirani walituletea ugali, kila mmoja kidogo, bila kusema umetoka wapi.

Sasa nimezeeka. Askari wa siku hizi wengine ni watoto wa mtaa huu, na hupiga hodi. Juzi mmoja alisimama mlangoni, kofia mkononi, akangoja mpaka nilipomkaribisha. "Shikamoo, bibi. Mbuzi ameibwa hapa jirani. Hukuona waliopita naye?" Niliwaona, mmoja wao ningeweza kumtaja jina. Kijana alinisubiri kwa upole, nami nikausikia mdomo wangu ukisema, "Sikuona kitu, mwanangu." Alishukuru, akaenda zake. Mbuzi alikuwa wa Musafiri.