Bonyeza Tu, Shangazi

Basi lilimshusha fundi wa kompyuta kwenye stendi asiyoijua, na mvua ikamwandama mpaka mlangoni mwa zahanati. Makao makuu yalikuwa yamemtuma atafute kosa: majibu ya vipimo vya wagonjwa yalikuwa yanasomwa mitaani kama gazeti.

"Ndiye yule," daktari mkuu alimwambia, akimwelekezea kidevu muuguzi wa mapokezi. "Andika ripoti leo hii nimwachishe kazi."

Muuguzi huyo kila mtu alimwita Shangazi. Alikuwa mjane anayelea wajukuu, miguu imemvimba kwa kusimama maisha yake yote. Alimsogezea mgeni kiti.

"Karibu, mwanangu. Kunywa chai kwanza. Usinichinje ukiwa na njaa."

Fundi alishindwa kucheka. Akamwomba aonyeshe anavyofungua tovuti ya majibu. Shangazi akaandika anwani, na ukurasa mwekundu ukajaa kwenye skrini: muunganisho huu si salama. Bila kupepesa macho akabonyeza "endelea".

"Onyo lile hulioni?"

"Silioni vipi? Linakuja kila asubuhi kama wifi asiyealikwa. Nilipiga simu kwenu, wakanicheka. 'Bonyeza tu, Shangazi, hayo ni makelele ya mashine.' Nikabonyeza."

Fundi akaiacha chai. Maneno yale ofisini kwao waliyasema wote, naye akiwemo. Badala ya kuomba cheti cha usalama kwa shirika linaloaminika, lenye kuthibitisha kwamba tovuti ni yenyewe, walijitengenezea chao, wakajidhamini wenyewe. Mazungumzo ya kompyuta na tovuti yalifichwa, ndiyo, lakini kompyuta haikuwa na namna ya kujua inazungumza na nani. Kwa hiyo mtu alipouingilia mtandao wa zahanati na kuweka ukurasa wake wa bandia, onyo lililotokea lilikuwa lilelile la siku zote. Shangazi akamkabidhi nenosiri akidhani anaanza kazi.

Fundi aliandika hivyo hivyo: kosa ni la makao makuu. Daktari alisoma amesimama.

"Makao makuu nitawafukuza mimi? Watu wa huko nje wanataka kuona mtu ametoka."

"Lakini hana kosa, daktari."

"Nimesoma. Wewe weka hicho cheti."

Shangazi alikuwa ameshavua koti jeupe, analikunja taratibu.

"Usijisumbue, mwanangu, umejitahidi. Kuna binti mmoja wa kiwanda cha sabuni, mumewe alipopata habari za majibu yake alimtupia nguo barabarani. Mimi angalau nina pa kwenda. Yeye je?"

Akatoka na mfuko wake. Mwanamke mmoja kwenye benchi, ambaye mtoto wake Shangazi ndiye aliyempokea alipozaliwa, alimvuta mtoto huyo kando ili asiguswe. Shangazi akaona, akapita.

Fundi alibaki kwenye kompyuta ya mapokezi, kazi bado haijaanza, na foleni ikimuuliza ni nani sasa atakayewaita.