Injini Tuliyoiombea Al Twar

Sijakutana bado na mtu mwingine aliyesimama mbele ya watu wa Mungu akaomba wafunge kwa ajili ya injini. Wala haikuwa injini ya gari langu, maana sikuwa na gari na mpaka leo sina. Zilikuwa injini za magari ya mbio, mali ya kampuni kubwa ya ng'ambo ambayo haikujua kama niko duniani. Nisikilize kwanza, halafu ukitaka kucheka, cheka.

Ni miaka ile ya elfu mbili na kitu, nguzo za metro zilipokuwa zinasimamishwa Rashidiya, Dubai, na sisi wapangaji wa pale tukila vumbi lake asubuhi na jioni. Nilikuwa nimeajiriwa na timu ndogo ya mbio za magari iliyokuwa na karakana upande wa jangwani, jirani na uwanja wa mbio. Nilianza kama mlinzi wa stoo. Kidogo kidogo nikawa pia nafagia, naosha rimu, nasukuma matairi na kumpikia chai fundi mkuu, Mhindi wa Kerala asiyependa maneno mengi. Lakini ungeniuliza nafanya kazi gani, ningekujibu bila kupepesa macho kwamba niko idara ya injini.

Idara yenyewe ilikuwa mimi na kitambaa. Timu ndogo kama ile haiundi injini, na hata haimiliki. Kampuni ya magari ndiyo inayoziunda na kuzikodisha kwa timu. Zilikuja ndani ya makasha, zimefungwa kwa waya na lakiri ya kiwandani, na hakuna mtu kwetu aliyeruhusiwa kukata waya ule, hata fundi mkuu mwenyewe. Injini ikichoka inarudishwa kwao kufunguliwa, na nyingine inaletwa. Kwa hiyo siku kampuni ikisema imechoka na mbio, timu inabaki na magari maridadi yasiyoweza hata kutoka getini. Haya yote nilikuwa nayajua vizuri, na niliyaeleza kwa kila mtu, akitaka asitake.

Mimi utaalamu wangu wa injini niliupata kwenye posho mill ya mjomba ya kusaga mahindi, kule kwetu Kitale. Ikigoma kuwaka, ulikuwa unaipiga teke pale unapopajua. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo amepewa kitambaa safi na injini inayong'aa vile, anaambiwa apanguse vumbi kwa uangalifu. Kichwa kilivimba. Nilikuwa nazisalimia kila asubuhi, ingawa nilihakikisha kwanza fundi mkuu hayuko karibu.

Lakini kazi ile ilikuwa roho yangu, tusicheze. Nyumbani walinifanyia harambee ya nauli. Kanisa lilichanga, walimu wangu wa zamani walichanga, hata mzee mmoja ambaye hatukuwa tunasalimiana alileta jogoo akapigwa mnada. Ukishasafirishwa na jogoo wa watu, hurudi hivi hivi. Nilimwacha mke wangu na binti yetu mdogo kwa ahadi kwamba nitarudi na kitu cha kuonekana. Kilichokuwa kimeonekana mpaka hapo ni picha zangu nikiwa nimeegemea gari la mbio, mkono umewekwa juu yake kama nimelilipia. Kazi ikiisha, visa inafutwa na unapanda ndege. Niliwaza macho ya wale watu pale stendi ya Kitale, nikazidi kuzipangusa injini zile.

Basi mwaka ule hali ya fedha duniani ikaharibika. Winchi nyingine za ujenzi mjini zikasimama zikiwa zimenyoosha mikono tu. Karakana ikajaa minong'ono: watu hawanunui magari tena, na kampuni inayotuletea injini inafikiria kujitoa kwenye mbio. Sir, mwenye timu yetu, Mwingereza mpole, akawa kila tukimuuliza anajibu inshallah, neno ambalo hakuwa nalo kabla ya hapo.

Kila Ijumaa tulikuwa na ushirika Al Twar, sebuleni kwenye fleti waliyopanga akina dada kadhaa wa Kenya na Uganda. Aliyetuongoza ni mama mmoja Mganda, mjane, mlezi wa watoto kwa madam fulani kwenye zile villa za karibu. Tulimwita Mama Mchungaji, ingawa hakuna askofu aliyewahi kumwekea mikono. Utaratibu ulikuwa huu: mahitaji kwanza, maombi, halafu shuhuda. Mmoja anaomba kafeel wake, yule mdhamini wa visa, amrudishie pasipoti, mwingine anaomba madam ampe likizo akazike. Ikafika zamu yangu.

Ningesema tu kazi yangu iko hatarini, tukamaliza. Lakini mtu wa idara ya injini ataombaje vitu vidogo? Nikasimama nikatoa mhadhara. Nikaeleza makasha, lakiri, kiwanda, na jinsi mbio zote za dunia zinavyotegemea moyo wa makampuni machache ya magari. Mwishowe nikasema, "Tuombe kampuni isijitoe. Iendelee kuleta injini."

Mganda niliyekuwa naishi naye chumba kimoja, askari wa usiku kwenye jengo la ofisi Bur Dubai, aliinama kuangalia viatu vyake na mabega yakawa yanatikisika. Mama Mchungaji hakucheka. Aliniuliza injini yenyewe ikoje, ili aitaje sawasawa mbele za Mungu. Nikampa maelezo yote, hadi silinda. Sebule nzima ikainua mikono, na mama wa watu, ambaye hajawahi hata kukaa nyuma ya usukani, akalia kwa sauti, "Bwana, zishike silinda zote nane!" Wakakubali pia kufunga. Kuna dada alifunga na huku anafanya kazi jikoni kwenye hoteli, akionja supu na kuitema. Nikikumbuka hilo natamani kujificha chini ya meza.

Na kweli, haukupita muda, mkubwa wa kampuni akatokea kwenye televisheni ya karakana, amevaa suti nyeusi. Akasema kampuni yake imejitolea kwa moyo wote kuhudumia mbio za magari, na itaendelea kuleta injini kwa miaka mingi ijayo. Nilikaribia kuruka juu. Sir akasema vizuri, vizuri, ila hakukaa kwenye kiti. Fundi mkuu aliweka kikombe chini, akaenda kupangusa spana zake moja moja na kuziweka kwenye sanduku lake la kutoka nyumbani. Nikamhurumia. Nikasema moyoni, maskini, huyu hana imani.

Ushirika wetu ulikuwa na desturi moja. Ukijibiwa, unakuja na chakula, unasimama, unashuhudia. Lakini unashuhudia kitu ukishakishika mkononi. Aliyepata visa anakuja na pasipoti, tunaona muhuri, ndipo tunaimba. Mimi nilikuja na maneno ya mtu wa kwenye televisheni, pamoja na sufuria kubwa ya kuazima iliyojaa kuku, na chapati ambazo niliamka mapema kuzisukuma. Mama Mchungaji aliniuliza kama kitu chenyewe nimekiona kwa macho. Nikamjibu kwamba kampuni kubwa namna ile haiwezi kuchezea maneno. Aliniangalia kitambo. Hata hivyo chapati zilikuwa zimeshafunuliwa na watu walikuwa wametoka kufunga, basi wakaimba.

Sufuria ya watu nilikuwa hata sijairudisha, yule bwana akatokea tena. Televisheni ile ile, suti ile ile. Safari hii alianza kwa kuinamisha kichwa. Alisema kwa huzuni kubwa kwamba kampuni inaacha mbio, ingawa bado inazipenda kwa moyo wote. Nikamwangalia fundi mkuu. Alikuwa anakunywa chai yake, sanduku lake limeshafungwa.

Sir alitukusanya akatuambia wazi. Makasha yatarudi kiwandani, na kasha la mwisho likitoka, timu inafungwa na visa zetu zinafutwa. Khalas. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikuweza kumkasirikia. Kuzifunga injini kwa safari nikapewa mimi, kwa kuwa ndiyo idara yangu. Nikazivisha nailoni, nikazizungushia sponji, nikabandika vibandiko vya kusema zibebwe taratibu. Nikawa nazionea wivu, aibu iliyoje. Zilikuwa zinarudi kwao kwa heshima zote, na kule hakuna ambaye angeziuliza zimeleta nini.

Ijumaa iliyofuata sikuweza kwenda Al Twar. Nilitorokea Bur Dubai, nikaingia duka la vitambaa, nikawa napapasa majora kama nina arusi. Muuzaji alinivumilia, kisha akaniuliza kwa upole kama nanunua au nangoja mvua. Ndipo simu ikalia. Alikuwa Mama Mchungaji. Yule Mganda wangu wa chumbani alikuwa ameshawaambia yote. Hakunisalimu hata, alisema tu njoo.

Nilipoingia sebuleni hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma kuliko kicheko. Nikaanza kueleza hali ya soko la magari duniani. Mama akaninyooshea kiganja.

"Injini tumeiombea, imetosha," akasema. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Nikatafuta mhadhara, sikuupata. "Naogopa kurudi nyumbani mikono mitupu," nikasema, na hapo nikaanza kulia, mtu mzima, mbele ya watu waliokula kuku wangu. Wakaniombea. Maombi yalikuwa mafupi. Mama akaniuliza kama mke wangu anajua. Nikasema bado, natafuta namna ya kumwambia. Akaniamuru nitoke nje barazani nimpigie sasa hivi, kabla sijatunga kitu.

Nikampigia. Nikamwambia mke wangu kila kitu: kwamba kampuni imejitoa, kwamba kazi imeisha, kwamba nyumba ya mawe niliyomwahidi haipo, kwamba nitashuka Kitale na begi nililoondoka nalo. Nikamwambia pia kuhusu maombi na kufunga, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza na sikujua pa kuishia. Nikangoja alie au anitukane.

"Mliokuwa mnaiombea injini mlikuwa wengi?" akauliza.

"Sebule nzima."

"Mimi nilikuwa peke yangu," akasema. "Tangu siku ulipopanda ndege naomba urudi."

Chini pale barabarani watoto walikuwa wanacheza mpira kando ya magari, na nikasikia sauti ya binti yangu nyuma yake akiuliza ni nani kwenye simu. Nikamuuliza mke wangu mbona hakuwahi kuniambia.

"Kila ukipiga unanieleza habari za injini," akasema. "Ningekuambia saa ngapi?"