Aliyepokea Mahindi Kerenge

Pale Kerenge, kwenye ghala la mahindi la Shamsia, kompyuta haikuzimwa tangu Ukasha aondoke. Majirani walisema mama yule anachoma umeme kama anauchota kisimani. Shamsia hakuwajibu, na kwa mdomo wake ule, kutojibu ni ugonjwa.

Programu ya ghala aliiandika Ukasha, mumewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, akamfundisha kuisoma. Inatoa risiti ya gunia, na chini yake: "Aliyepokea". Jina halimo ndani ya programu. Programu huiuliza mashine kwa swali liitwalo getenv, na mashine hujibu kile ilichoambiwa kwenye dirisha jeusi la kuandikia amri. Asubuhi ya safari Ukasha aliandika pale: export MPOKEAJI=Ukasha.

"Dirisha hili likifungwa, jina linapotea," alisema. "Nikirudi nitaliweka mahali pa kudumu."

Akaenda machimboni. Siku hizi simu yake haipatikani. Lakini kila risiti ilitoka na jina la Ukasha, na Shamsia aliusoma mstari ule kwanza, kilo baadaye.

Jumatatu umeme ukakatika. Betri ilishakufa zamani. Uliporudi, akawasha, akafungua dirisha na programu, akapima gunia la Bibi Hamisa. Risiti ikatoka: "Aliyepokea: HAYUPO".

Neno hilo aliliweka Ukasha mwenyewe, ili mashine ikikosa jibu programu isianguke.

Huku mahindi hayaachwi kwa nyumba, yanaachwa kwa mtu; yakiingiwa na dumuzi, mdudu mla nafaka, kuna wa kumfuata. Bibi Hamisa akairudisha risiti.

"Mwanangu, gunia langu kapokea asiyekuwepo?"

"Mashine hiyo, bibi."

"Mashine nitaigombeza mimi? Nipe mtu!"

Shamsia akaifunga programu, akaandika kwenye dirisha jeusi: export MPOKEAJI=Ukasha. Kidole kikagoma kubonyeza. Lile la kwanza aliliandika mwenyewe Ukasha. Hili lingekuwa la mkono wake yeye, na mkono wake haukuwa na uwezo wa kumleta mtu. Akalifuta jina herufi moja moja. Akaandika Shamsia, akabonyeza, akaifungua programu upya.

Bibi Hamisa akaifunga risiti mpya kwenye ncha ya khanga. "Haya. Sasa najua nitakayekuja kumtukana."

"Njoo umeshiba, bibi. Mimi sinyamazi."

Bibi alipotoka, Shamsia akalipandisha dirisha jeusi juu, juu zaidi, akiutafuta ule mstari wa asubuhi ya safari. Dirisha lilikuwa jipya. Juu hapakuwa na kitu; mstari ule ulikwenda na dirisha la zamani.