Waliomtoa Nje Bi Mwanabaraka

Watu wale wananitia kinyaa, na sitafuti neno jingine la adabu zaidi.

Wanajiita wapenzi wa taarabu asilia. Kila Ijumaa baada ya laasiri hukusanyika hapa Jadida, sebuleni kwa Mzee Abdulsamad, mstaafu wa forodha, wasikilizishane rekodi za zamani. Huyu kaja na santuri ya babu yake, yule kaja na kitu katumiwa kwenye simu na binamu wa Mombasa. Wanaume hukaa vitini. Mimi na jirani yangu Mwanapili tulikuwa tunakaa mkekani, karibu na mlango.

Sharti lao ni moja. Wimbo ukishaanza, kimya. Anayekohoa, anayecheka, hata anayesema mashaallah kabla ya mwisho, hutolewa nje mpaka wimbo umalizike. Nimeona mtu mzima akisimamishwa barabarani kwa sababu ya chafya. Na huku Mzee Abdulsamad mwenyewe, macho kafumba, anajilamba midomo kwa sauti kama mtu anayefyonza kokwa ya embe. Hiyo haihesabiki kuwa kelele.

Mwanapili anashona sare za skuli. Hajui kupiga udi wala fidla, na majina ya waimbaji huyachanganya, jambo linalowafanya wale wa vitini watazamane na kutabasamu. Yeye alikuja na kanda moja tu, ameifunga kwa kipande cha kanga ndani ya mkebe wa biskuti.

Mama yake, Bi Mwanabaraka, alikuwa mpishi wa harusi. Alifariki Mwanapili akiwa bado skuli, na hakuwahi kukubali kupigwa picha. Lakini kwenye harusi moja mtu aliiweka redio ya kurekodia dirishani, upande wa jikoni. Basi katikati ya wimbo, kabla ya kiitikio, vyungu vinagongana na sauti ya mwanamke inapaa juu ya fidla zote: "Mwanapili! U wapi weye? Njoo ule, wali ushapoa!"

Ndiyo huyo Bi Mwanabaraka. Hakuna kilichobaki cha kwake zaidi ya hicho. Nimemwona Mwanapili mara nyingi akishona huku kanda inalia, na ikifika pale huisimamisha cherahani, akasikiliza, kisha akaendelea na upindo wake.

Mwaka huu kanda ikaanza kuvuta, sauti zikawa nzito kama za walevi. Hamdan, mmoja wa wale wapenzi, anafundisha kompyuta na ana mashine ya kuhamishia kanda kwenye simu. Akajitolea mwenyewe. Nilikuwepo Mwanapili alipomkabidhi mkebe.

"Hamdan mwanangu, wimbo si kitu kwangu. Nihifadhie sauti ya mama tu."

"Usiwe na wasiwasi, Bi Mwanapili," akajibu, macho yakiwa kwenye simu.

Ijumaa iliyofuata alikuja na spika mpya, kanzu imepigwa pasi, ananuka udi mpaka barazani. Mwanapili naye alivaa buibui lake la Idi.

"Sikilizeni sasa," Hamdan akasema. "Hii rekodi ilikuwa chafu kupita kiasi. Vyungu, watoto, wanawake wanapayuka. Nimeisafisha yote."

Mimi nikaelewa hapo hapo. Mwanapili hakuelewa bado. Alikaa ameinamisha kichwa, mkono gotini, anangoja.

Wimbo ulikuwa mwororo, sikatai. Fidla zimenyooka, nyuzi za kanuni zinadondoka. Vichwa vikayumba vitini. Pale mahali pakafika, na mwimbaji akaingia kwenye kiitikio bila hata pumzi katikati. Mwanapili akaniangalia. Akangoja tena, labda iko mbele.

Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hamdan, mama yu wapi?"

"Shhh!" vikasema viti.

Hamdan akamwinamia, akanong'ona kama daktari. "Ile sauti ya jikoni? Nimeifuta. Ilikuwa inaua fidla."

"Nipe kanda yangu."

"Ilikatika kwenye mashine, nikaitupa. Ilikuwa na ukungu."

"Na ile uliyohamisha mwanzo, kabla hujaisafisha?"

"Ilikuwa inajaza nafasi, Bi Mwanapili. Lakini hii ndiyo nzuri. Sikiliza fidla ya pili!"

Na alikuwa anatabasamu. Anangoja shukurani! Nilitamani nimtapikie kwenye spika yake, mbele ya wote, na Mungu anisamehe.

Mzee Abdulsamad akafumbua jicho moja. "Bi Mwanapili, sharti unalijua. Wimbo haujesha. Nje."

Watu wazima, wana mama zao, wamekaa wanatazama spika. Mwanapili akainuka, akaokota mkebe mtupu.

"Mama mshamtoa," akasema. "Haya, na mie natoka."

Nilikuwa natafuta viatu vyangu mlangoni, nikamsikia Hamdan nyuma yangu anaurudisha wimbo mwanzo, kwa kuwa tumewaharibia. Kanuni ikaanza. Ndipo kutoka barabarani Mwanapili akaniita, na sauti ile nilikuwa nimeisikia mara nyingi juu ya mlio wa vyungu.

"Asya! U wapi weye? Njoo!"

"Fungeni dirisha hilo," akasema Mzee Abdulsamad.