Vyombo vya Maziwa, Mwaka wa Kufa Ng'ombe

Harufu ya mninga unaochongwa ni tamu puani, kisha hukaa kooni kama vumbi. Msimu ule tembe yetu yote ilinuka hivyo, mninga na mafuta ya nyonyo. Baba alikuwa mchongaji wa vyombo vya kukamulia maziwa. Alikuwa amekata magogo manane na kuyapa umbo la nje, askari wa boma la Wadachi walipokuja kukusanya wanaume wa kubeba mizigo. Hakurudi, wala hakuna aliyekuja kutuambia amefia wapi. Basi mama akaichukua tezo yake ya kuchongea. Kwetu tezo ilikuwa ya mwanamume, na majirani walilisema hilo waziwazi. Mama alichimba matumbo ya yale magogo taratibu, akikumbuka jinsi mkono wa baba ulivyokuwa ukienda, nami nikasugua kwa majani ya msasa hadi ncha za vidole vyangu zikachubuka.

Wakati tukichonga, mvua ilikatika. Mtama ukakaukia shambani ungali na urefu wa goti, na ng'ombe wakaanza kufa, kwetu kwanza, kisha kwa jirani, kisha kila tulikosikia habari. Mdogo wangu Chitema, aliyekuwa ameanza kutembea, akarudi kutambaa. Mama aliendelea kuchonga. Nadhani alijua, ila hakuwa na kitu kingine mikononi.

Tulipomaliza chombo cha nane tulivibeba vyote kwenda gulio la Dodoma, kando ya stesheni mpya ya reli. Chitema tulimwacha kwa shangazi. Hatukuwahi kuuza kitu sokoni. Watu walizoea kumfuata baba nyumbani. Mama alitandika ngozi, akavipanga, nami nikavipaka mafuta hadi vikang'aa kwa wekundu. Vilikuwa vizuri. Nayasema haya nikiwa mzee niliyeona vyombo vingi. Watu walisimama, wakavishika, wakavirudisha. Mwanamke mmoja mzee alikipakata kimoja muda mrefu kama mtoto.

"Mwanangu," akamwambia mama, "maziwa ya kutia humu yako wapi?"

Mama akamwambia kwamba ng'ombe watarudi. Yule mzee akakiweka chini polepole, akaenda zake.

Jua lilipoelekea magharibi alikuja mpishi wa kambi ya wajenga reli, mtu wa pwani, mpole wa sauti. Aligonga kila chombo kwa kidole. Nikajisemea kwamba huyu anajua mti. Akauliza kama ni mninga mkavu. Mama akajibu kwa fahari kwamba umekauka tangu kiangazi kilichopita. Mpishi akasema atavichukua vyote kwa kibaba cha mtama. Mama akamweleza kwamba visioshwe kwa maji moto, visije vikapasuka.

Yule mtu akatazama chini. "Mama, sitakudanganya. Nataka kuni. Zilizoletwa kambini ni mbichi."

Nilitaka mama akatae, ingawa sikuwa nimekula tangu jana yake. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini sidhani waliosema hivyo waliwahi kutakiwa uamuzi ule wakiwa na mtoto anayetambaa nyumbani.

"Chukua," mama akasema. "Ila usivipasulie hapa."

Mtama ule tuliupika uji. Chitema aliunywa siku nne, akafa ya tano. Mama hakumlaumu mtu. Tezo aliiuza baadaye kwa mhunzi, ikawa jembe, na maisha yake yote sikumwona tena akishika kipande cha mti ila cha kukoka moto.

Sasa ninaishi Ipagala, hapa Dodoma, kwa mjukuu wangu, fundi seremala. Mbao humfikia kwa lori zikiwa zimeshapasuliwa, na milango yake hulipiwa kabla hajaipiga randa. Anakula akashiba, namshukuru Mungu. Juzi aliniuliza kazi ya mama yangu ilikuwaje, maana amesikia kwamba kuchonga kumo katika damu yetu. Nikajaribu kumchorea mchangani kwa kidole: mdomo mwembamba, tumbo la duara, kitako kidogo. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza bibi yake. Hakuona kitu. Katika vyombo vile vinane sina hata kimoja cha kumwonyesha, na mkono wangu haujui kuchora.