Nilipeleka kuku Moshi kwa baiskeli wakati wa kiangazi, na yeye ndiye alipanga safari

Wakuu, niaje. Naona vijana humu mnasalimiana hivyo, nami nimejaribu. Mgongo haujauma.

Nimesoma uzi wa yule kijana anataka kwenda Tanzania na baiskeli, peke yake, alale kwa tent, na anauliza atafanya nini na hili joto. Mmemjibu mambo ya chumvi za kunywa na nguo za bei. Mimi nitamwambia tu yaliyonipata. Pahali nimesahau, nitasema nimesahau.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa nyumbani. Naishi Kiganjo hapa Thika, na kwangu kwenda sokoni ni safari. Hata ujana wangu ulikuwa hivyo. Nilimaliza sekondari, nikapata ukarani kwa stoo ya shamba la mkonge, nikaona dunia imenitosha.

Hii ni miaka ya hamsini ikielekea kuisha. Hali ya Hatari ya mkoloni bado iko.

Mimi na mama tuliishi laini za wafanyakazi, sisi Wamaragoli tuliofuata kazi huku. Laini ya pili kulikuwa na msichana anaitwa Rasoa. Tukaelewana. Halafu baba yake, Mzee Aluda, akapata kazi kwa shamba la kahawa karibu na Moshi, huko Tanganyika, akahama na watu wake wote.

Siku moja dereva wa lori akaniletea maneno. Kuna kijana wa reli anamtaka Rasoa, na wazee wake wanakuja Jumapili ya mwisho wa mwezi. Mzee Aluda amesema: "Yule karani kama ana neno, aje nimwone na macho kabla mambo hayajafungwa. Simjui mtu wa kutumana."

Mtauliza mbona sikupanda basi. Ni kiburi, wakuu. Mzee alikuwa ameambia watu ati mimi nikivuka daraja la Chania, hapa hapa Thika, naumwa na kichwa. Watu wakacheka, Rasoa akiwa hapo. Nikasema nitafika na baiskeli, anyamaze.

Mpango haukuwa niende peke yangu. Rafiki yangu Njoroge, fundi wa baiskeli Ruiru, ndiye alikuwa anajua barabara na pancha. Lakini Njoroge ni Mkikuyu, na wakati huo Mkikuyu hangetoka wilaya bila pasi. Aliomba, akanyimwa.

"Enda tu," akaniambia. "Wewe ukipotea, watakutafuta. Mimi nikipatikana, watanifunga."

Nikafanya mazoezi ya kwenda Gatuanyaga, hapo jirani tu, na kurudi. Nilirudi ulimi nje, vumbi hadi kwa masikio.

Halafu mama akaleta kuku.

Tetea mweupe wa madoa, mnono, mzima. Kwetu huendi kwa watu wa msichana mara ya kwanza mikono mitupu. Nikamwambia, mama, ni mbali, na jua hili. Akasema, "Basi mwendeshe polepole. Na umfikishe akiwa hai. Kuku aliyekufa si zawadi, ni habari mbaya."

Kwa hivyo nikaondoka hivi: hema la turubai na sufuria nyuma kwa kariya, kibuyu cha maji kwa fremu, kuku kwa kikapu mbele ya usukani, akiniangalia.

Baiskeli ni ile mnaita leo blackmamba. Haina gia. Gia ni matako yako.

Nilipofika Ruiru nilitaka kurudi. Ni kweli. Njoroge akatoka kwa duka, akaangalia kikapu.

"Mko wangapi?"

"Wawili."

"Na nani ana pasi?"

Hakucheka sana. Akakaza nati zote, hata zile hazikuwa zimelegea, kisha akasimama kando ya barabara mpaka nikapotea. Mnaotoka Githurai 45, pole, nilipita kwenu na sikuona hata pa kununua chai.

Sasa kosa langu. Mimi ni karani, na nilikuwa nimepanga safari kama karani. Kuanza kazi saa mbili asubuhi, lunch, kufunga saa kumi na moja. Kila siku. Nilidhani jua pia linaheshimu saa za ofisi.

Baada ya Athi River, nyika imefunguka, hakuna mti, barabara ni ya mawe na vumbi, joto linatoka chini na juu pamoja. Nikawa naendesha nikihesabu Jumapili imebaki wapi. Nilipoangalia kikapu, kuku alikuwa amefungua mdomo, mabawa yameanguka kando, macho yanafunga.

Nikaruka chini. Nikamwaga maji kwa mkono, akanywa kidogo. Hakukuwa na kivuli isipokuwa changu, kwa hivyo nikasimama juu yake kama mwavuli. Mimi, karani wa stoo, nimesimama katikati ya nyika nikimfanyia kuku kivuli. Kila nikisonga, jua linamfikia.

Hapo ndipo mpango wa ofisi ulikufa.

Kuanzia siku hiyo kuku ndiye alipanga. Tuliondoka kabla jua halijatoka. Akifungua mdomo, tunasimama. Akifunga, tunaenda. Jioni tena mpaka giza, halafu hema. Jambo la ajabu, nilipofuata mdomo wake hata mimi kichwa kikaacha kuuma.

Lakini ile kukaa mchana, wakuu. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Unakaa chini ya mgunga, miguu inataka kwenda, na huwezi. Nazunguka mti. Nafungua kamba za mzigo, nazifunga. Akilini naona wazee wa yule kijana wa reli wamevaa makoti, wanapanda treni, wanashuka Moshi. Kuku amelala. Namtazama kwa hasira nikisema moyoni, wewe unalala na mke wangu anaenda.

Ningeweza kumwacha. Nilifikiria. Lakini kumwacha ni kufika mikono mitupu, na kumkimbiza ni kufika na mzoga. Na kukaa ni kuchelewa. Chagua.

Karibu na Kajiado mzee wa Kimaasai akaja na ng'ombe zake, akasimama akinitazama nikimnywesha kuku.

"Huyu ndege ni wa nini?"

"Nampeleka kwa baba ya msichana."

"Ngapi?"

"Mmoja."

Akafikiri sana. Wamaasai wa siku zile hawakula kuku. "Na huyo baba," akasema, "mlikosana wapi?"

Namanga, askari wa kizuizi akachungulia kikapu. "Huyu ana karatasi?" Wenzake wakacheka, akatufungulia. Nilicheka pia, mpaka nikavuka. Halafu nikakumbuka Njoroge. Kuku wa mama yangu aliingia Tanganyika bila pasi, na fundi wa Ruiru hangefika Athi River.

Baada ya Namanga hadi Longido ndipo jua lilikuwa baya zaidi. Hata alfajiri upepo ulikuwa wa moto. Kuku akaanza kufungua mdomo mapema, na siku zilikuwa zinaisha. Nikatoa kisu, nikakata hema. Kipande kimoja nikakitengenezea paa juu ya kikapu na vijiti, kingine nikakilowesha kidogo nikakiweka chini ya miguu yake. Mwendo ukapatikana. Kuanzia hapo kuku alilala ndani ya hema, mimi nikalala nje na mbu.

Nilifika Jumapili. Si asubuhi. Nilifika watu wakiwa wametoka kanisani, na makoti ya wazee wa reli yalikuwa yametundikwa mlangoni.

Mzee Aluda akatoka. Nilikuwa mwekundu wa vumbi, midomo imepasuka, kikapu kina paa kama nyumba. Alizunguka baiskeli yote. Akainua paa, akamtoa kuku, akamshika kifua.

"Amekonda."

"Hata mimi, mzee."

"Huyu ametoka Thika?"

"Laini yetu. Ni wa mama."

"Na kichwa? Daraja halikukuuma?"

Nikasema liliuma kidogo. Hakucheka. Alinipa maji mwenyewe, akamwita mkewe, akampa kuku. "Mpike huyu. Leo."

Nikabaki nimeshika kikapu kitupu.

Kwa sisi, firigisi ya kuku haipewi mtu ovyo. Ni ya mwenye nyumba, na akimpa mgeni, amesema neno ambalo hatalirudisha. Wageni wote hapo walijua. Sahani ikaja, Mzee Aluda akaokota firigisi, mkono ukapita mzee wa kwanza wa reli, ukapita wa pili, ukapita kijana mwenyewe na tai yake. Ukasimama kwangu.

Wazee wa reli wakageuka kuniangalia.

Na mimi siwezi. Nilikuwa nimemfanyia yule kuku kivuli. Nilikuwa najua akipumua. Lakini kukataa ni kumkataa Rasoa mbele ya baba yake na mahasimu wangu. Nikaweka mdomoni. Nikatafuna. Machozi yakashuka, na mzee mmoja wa reli akasema, "Pilipili."

Rasoa alikuwa mlangoni na maji ya kunawa. Aliona. Alijua si pilipili.

Tulifunga ndoa mwaka uliofuata, na Njoroge hakuruhusiwa kuja.

Tangu hapo, kuku akipikwa nyumbani kwangu, firigisi anakula Rasoa. Mbele ya wageni, mbele ya wachungaji, mbele ya senje zangu, dada za baba, waliosema ni aibu mwanamke kufanya hivyo. Hajawahi kumweleza mtu sababu. Anachukua, anatafuna, ananiangalia.

Sasa kijana wa tent, somo ni hili. Usipange safari na saa yako, panga na kiumbe dhaifu zaidi uliye naye. Kama huna, basi ni wewe. Ukiona mdomo umefunguka, simama, hata kama dunia yote iko mbele inakungoja.

Wenye ujuzi wa barabara ya Namanga siku hizi, mwambieni vivuli viko wapi. Na wale mtakaonicheka, chekeni hapo chini. Rasoa ameniomba nimsomee.